Mistari Chini ya Kengele: Mazungumzo juu ya Ukamilifu wa Pigo katika Sarafu za Prufu

Jioni hii nimeazimia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo upana wake haufiki hata milimita mbili, nalo ni mistari michache iliyochorwa chini ya kengele katika mgongo wa nusu dola ya Marekani, mistari ambayo kwa ajili yake watu wazima wenye akili timamu huinama chini ya taa usiku kucha, hubishana, huandikiana barua kali, na mara nyingine hulipa fedha ambazo zingetosha kununua ng'ombe wa maziwa.

Nusu dola hiyo ilianza kutolewa mwaka 1948, ikakoma mwaka 1963. Mchoro wake ni kazi ya John R. Sinnock, aliyekuwa mchongaji mkuu wa kiwanda cha sarafu cha Marekani, ambaye alifariki mwaka 1947 kabla hajaiona sanaa yake mikononi mwa watu, ikamalizwa na mrithi wake Gilroy Roberts. Usoni pana kichwa cha Benjamin Franklin. Mgongoni imening'inia Kengele ya Uhuru ya Philadelphia, pamoja na ufa wake mashuhuri na majina ya Pass na Stow, wale mafundi wawili walioisubu upya mwaka 1753 baada ya kengele iliyoagizwa kutoka London kupasuka. Na kwa kuwa sheria ilidai kwamba kila nusu dola iwe na sura ya tai, akapachikwa tai mdogo pembeni mwa kengele, mdogo kiasi cha kuwaudhi wajumbe wa tume ya serikali ya sanaa, ambao fauka ya hayo walichelea kwamba ufa ule utawapa watu sababu ya mzaha. Lakini Wizara ya Fedha haikuwasikiliza, na mimi naona ilifanya vyema, maana kengele ile bila ufa wake ingekuwa kengele yoyote tu.

Katika sehemu ya chini ya kengele hiyo, karibu na ukingo wake, imepita mistari myembamba ya mlalo kutoka upande mmoja hata wa pili. Sarafu ikipigwa barabara, mistari hiyo huonekana yote, bila kukatika; ikipigwa kwa ulegevu, hufifia katikati na kupotea. Wapimaji wa sarafu wakaifanya mistari hiyo kuwa shahidi wao. Sarafu ambayo mistari yake imetimia hupewa herufi FBL, yaani mistari kamili ya kengele, baada ya daraja yake, na ambayo haikutimia hunyimwa, hata kama kwa mengine yote ni dada wa yule aliyepewa.

Hapana budi niseme kidogo juu ya daraja yenyewe. Mwaka 1949 mtaalamu wa saikolojia aitwaye William H. Sheldon alitoa kitabu juu ya senti kubwa za shaba za zamani za Marekani, akazipanga kwa hesabu kutoka 1 mpaka 70, kwa dhana kwamba sarafu ya 70 thamani yake ni mara sabini ya ile duni kabisa. Hesabu ile ya bei haikudumu, ila kipimo kilibaki, na baada ya kampuni ya upimaji ya PCGS kuanza mwaka 1986 na ya NGC mwaka 1987, kipimo hicho kikawa sheria ya soko zima: sarafu hupelekwa kwa wapimaji, hutazamwa, hupewa hesabu yake, kisha hufungiwa ndani ya kasha la plastiki lisilofunguka bila kuvunjwa. Bwana Sheldon mwenyewe, na nalitaja hili kwa kupita tu, alikuja kubainika baada ya kufa kwake kuwa alikuwa akibadilisha senti zake duni kwa senti bora zilizokuwa amana ya chama cha wanasarafu mjini New York. Hivyo mtu aliyewafundisha wengine insafu ya kupima hakuwa mwaminifu wa kutunza.

Sasa, hesabu ile ya 1 mpaka 70 husema zaidi juu ya yaliyoipata sarafu baada ya kuzaliwa: mikwaruzo, michubuko ya kugongana katika magunia, kuchakaa. Haisemi vya kutosha juu ya kuzaliwa kwenyewe. Ndiyo maana zikaongezwa alama za pigo. Katika senti kumi za Adolph Weinman, zilizotolewa kutoka 1916 mpaka 1945, hutazamwa mgongoni fungu la fimbo lenye shoka, na hasa zile kamba mbili za katikati zinazolifunga: zikiachana kabisa, na mfereji baina yao ukapita wote bila daraja la madini kuuziba, sarafu hupata herufi FB. Katika robo dola ya Hermon MacNeil hutazamwa kichwa cha mwanamke aliyesimama usoni mwake, kama majani ya kilemba chake, tundu la sikio na mpaka wa nywele vyote vimejitokeza. Katika senti tano za Felix Schlag zilizoanza 1938 huhesabiwa ngazi za Monticello, nyumba ya Rais Jefferson: tano zikitimia ni heri, sita zikitimia ni heri kubwa zaidi, na NGC huzitofautisha mbili hizo waziwazi. Kwa kuonyesha uzito wa mambo haya sokoni, senti kumi za 1945 zilizopigwa Philadelphia zilikuwa 159,130,000, na mtu anaweza kununua moja nzuri kwa fedha kidogo. Lakini ile yenye kamba zilizoachana kikamilifu ni adimu mno, na bei yake huhesabiwa kwa maelfu ya dola. Sarafu ni zile zile, mwaka ni ule ule, na tofauti ni mfereji mwembamba usioonekana bila kioo cha kukuzia.

Nimefika sasa penye kiini cha mazungumzo. Alama hizo zote, kwa desturi ya miaka mingi, zilitolewa kwa sarafu za kawaida, zile zilizopigwa kwa ajili ya madukani na masokoni. Sarafu za prufu, yaani zile zinazotengenezwa kwa namna ya pekee kwa ajili ya wakusanyaji, zilihukumiwa kwa kipimo kingine: je, uwanja wake unang'aa kama kioo, na je, michoro yake imefunikwa na ukungu mweupe unaoitenga na kioo hicho? Zenye tofauti hiyo huitwa kameo, na zenye tofauti kali hupewa jina kubwa zaidi. Juu ya mistari ya kengele na kamba za fimbo, prufu haikuulizwa kitu, kana kwamba swali lenyewe ni utovu wa adabu. Wako wakusanyaji wanaotaka iulizwe, na wako wanaosema haifai. Mimi ni miongoni mwa wanaotaka iulizwe, ila kwa sharti ambalo nitalitaja.

Wanaokataa hujengea hoja yao juu ya fikra kwamba prufu ni kamili kwa asili yake. Fikra hiyo si sahihi. Prufu si daraja. Ni namna ya kutengeneza. Kalibu za chuma, yaani zile mbili zinazoibana sarafu juu na chini, husuguliwa mpaka zing'ae. Kisahani cha madini ambacho kitakuwa sarafu nacho hung'arishwa. Kisha hubanwa kwa nguvu nyingi na kwa taratibu, na katika viwanda vya siku hizi zaidi ya mara moja, ili madini yapate kuingia katika kila tundu la kalibu. Ni taratibu njema, lakini ni taratibu ya mikono ya wanadamu na ya mashine walizozitia mafuta wenyewe, na prufu iliyoharibika tangu kuzaliwa ni prufu vilevile.

Zamani Marekani ilizipiga prufu Philadelphia. Kwa ajili ya wakusanyaji zilirudishwa mwaka 1936 baada ya kukaa karibu miaka 20 bila kutolewa, na mwaka huo sarafu zenyewe zilikuwa chache: senti kumi 4,130 tu na nusu dola 3,901. Zikaendelea mpaka 1942, vita vikazisimamisha, zikarudi mwaka 1950, ambapo mtu alilipa dola 2 na senti 10 akapata sarafu tano ambazo thamani yake ya matumizi ilikuwa senti 91. Baada ya 1964 zikasimama tena, na ziliporudi mwaka 1968 zilikuwa zikipigwa San Francisco. Ninaposema prufu katika mazungumzo haya, aghalabu nakusudia zile za vipindi viwili vya Philadelphia, kwa maana ndizo zenye fitina.

Mchoro ukipungua katika sarafu ya prufu, wanaoweza kushitakiwa ni watatu. Wa kwanza ni pigo lenyewe, yaani nguvu iliyokuwa haba. Madini yakibanwa hutiririka kuelekea mashimo ya kalibu, na mashimo yenye kina kirefu hujazwa mwisho. Na pale ambapo shimo refu la uso limeelekeana na shimo refu la mgongo, madini yale yale hugombaniwa na pande mbili, na upande mmoja hupunjwa. Ngazi za Monticello zimekaa nyuma ya sehemu nene ya kichwa cha Jefferson, na madini ya sarafu hiyo, robo tatu shaba na robo nikeli, ni magumu, basi haishangazi kwamba ngazi ndizo hupotea. Dalili ya mshitakiwa huyu ni kwamba yanayopotea ni yale yaliyoinuka juu kabisa katika sarafu.

Wa pili ni msasa. Huyu ndiye mshitakiwa wa prufu hasa, naye huachiwa kila siku kwa kuwa hakuna anayemshuku. Ili kalibu ing'ae, uso wake lazima usuguliwe. Na kila unaposuguliwa hushuka kidogo, na mashimo yake mafupi huzidi kuwa mafupi, mpaka mengine yakatoweka, kama nakshi nyembamba za mlango wa kale unaopigwa msasa kila mwaka na mwenye nyumba apendaye usafi kuliko sanaa. Ushahidi wa jambo hili uko bayana. Katika prufu za nusu dola za mwaka 1941, zile za mwanamke atembeaye, ambazo nazo zilichorwa na Weinman, zimo ambazo herufi za jina lake, A na W, zilizokaa mgongoni chini ya bawa la tai, hazipo kabisa. Hakusahau kuziweka, wala pigo halikuwa dhaifu. Ukitazama vifundo na manyoya yaliyoinuka utayaona makali na timamu. Msasa ulizila. Dalili ya mshitakiwa huyu, basi, ni kinyume cha yule wa kwanza: yaliyo juu husalimika, na yaliyo chini, karibu na uwanja, hupotea.

Wa tatu ni chuma mama, ambacho kalibu zote huzaliwa kwacho. Mchoro ukiwa hafifu pale, hakuna pigo duniani litakaloutia nguvu. Ngazi za Monticello katika mchoro wa kwanza wa 1938 zilichongwa zikiwa na mawimbi, hazikunyooka wala hazikutengana vizuri. Zikarekebishwa, na mgongo uliorekebishwa hujulikana kwa mwaka 1940, ijapokuwa hata katika prufu za 1940 zinajulikana chache zilizopigwa kwa mgongo wa kale. Mwenye prufu ya 1938 akinyimwa alama ya ngazi, amenyimwa kwa kosa lililofanyika mezani kwa mchongaji kabla mashine haijaguswa. Kadhalika mgongo wa nusu dola ya Franklin ulichongwa upya katika mwaka 1956 ukainuliwa zaidi, ukaanza kutumika kwa prufu. Hivyo prufu mbili za mwaka huo mmoja zinaweza kuwa na mama tofauti. Dalili ya mshitakiwa huyu ni kwamba kasoro hairuki sarafu hata moja: zote za mama mmoja huwa nayo.

Mnaona, wasikilizaji, shida iliyopo. Alama inaitwa alama ya pigo, na katika sarafu ya kawaida jina hilo lina haki, kwa sababu huko kiwanda huacha nafasi kidogo baina ya kalibu ili zidumu, na pigo kweli ndilo hulegea. Lakini ukiipeleka alama ile ile katika prufu bila kuifikiri, utakuwa unamhukumu mwenye nyundo kwa makosa ya mwenye msasa. Hili ndilo sharti langu: prufu ipewe alama, kwa sababu mnunuzi hununua kile alichonacho machoni, si nia njema ya kiwanda, walakini kipimo kipangwe kwa kila sarafu na kila kipindi, na mpimaji ajue kwanza mama wa mwaka huo alikuwa na nini cha kutoa. Kudai ngazi sita kutoka katika chuma kisichokuwa na ngazi sita ni dhuluma. Kudai kamba zilizoachana kutoka katika senti kumi ya prufu ya 1939 ni haki tupu, maana nyingi katika kipindi hicho zinazo, na ile isiyo nazo ina la kujibu.

Najua nitaambiwa kwamba wapimaji wenyewe hawajakubaliana hata juu ya sarafu za kawaida, na ni kweli. PCGS hutosheka ikiwa mistari ya chini ya kengele imetimia. NGC hudai mistari ya fungu la chini na ya fungu lililo juu yake pia. Tena mkwaruzo mmoja uliopita juu ya mistari unaweza kuinyima sarafu herufi zake, ingawa mkwaruzo huo ulitokea ndani ya gunia wiki mbili baada ya pigo kamili. Basi ile alama inayojidai kusimulia kuzaliwa kwa sarafu tayari imechanganya na maisha yake ya baadaye. Hitilafu hizi naziona ni sababu ya kusahihisha alama, hazinitoshi kuitupa.

Kwa yule anayetaka kuhukumu mwenyewe, vifaa ni vichache: taa moja, isiwe mbili, na kioo cha kukuza mara tano mpaka kumi. Sarafu ishikwe kwa ukingo wake, kamwe vidole visiguse uwanja, kwa kuwa jasho la kidole katika kioo cha prufu huandika shitaka lisilofutika. Inamishwe taratibu mpaka mwanga uteleze juu ya mistari kwa ubavu. Katika nusu dola ya Franklin anzia kushoto mwa kengele, ufuate mistari ya chini mpaka kulia pasipo haraka, nayo ikifika katikati ndipo pa kusimama, maana ndipo huanza kufifia. Kisha geuza uso, utazame vishungi vitatu vya nywele kulia kwa sikio la Franklin, kama vimeachana au vimeungana kuwa kitu kimoja. Mistari ikikosekana na vishungi vikakosekana, umshuku mwenye nyundo. Yaliyoinuka yakiwa makali huku herufi ndogo zikififia, umshuku mwenye msasa. Hapo utakuwa umejua zaidi ya kile kilichoandikwa juu ya kasha.

Kwa prufu za siku hizi sina maneno mengi. Tangu miaka ya 1970 ufundi wa kutia ukungu katika kalibu na kuzihifadhi umeendelea hata karibu kila prufu hutoka ikiwa na kameo kali na mchoro uliotimia, na alama inayopewa kila mtu haimtofautishi mtu. Hata sarafu za wanyama zilizotolewa kwa jina la Tanzania mwaka 1974 kwa ajili ya hifadhi ya wanyamapori, twiga katika shilingi 25, kifaru katika shilingi 50, na duma wa dhahabu katika shilingi 1,500, ambazo huenda baadhi yenu mmeziona katika makasha ya wajomba waliofanya kazi za serikali, prufu zake hutazamwa kwa usafi wa uwanja na kutoguswa, kuliko kwa kutafuta unyoya uliopungua.

Limebaki swali moja ambalo huulizwa na wenye fedha za kutosha sarafu moja tu. Ziko prufu mbili za nusu dola za mwaka 1950, mwaka ambao zilitolewa 51,386, zenye daraja sawa. Moja ina ukungu mweupe mzuri usoni, nao ukungu wa miaka hiyo ni adimu, kwa sababu kalibu ilitiwa asidi na ukungu ukafutika baada ya sarafu chache za mwanzo. Lakini mistari ya kengele yake imekatika katikati. Ya pili haina ukungu, inang'aa yote sawasawa, na mistari yake imepita yote kutoka ukingo hata ukingo. Soko litailipa ile ya kwanza zaidi, tena zaidi sana, na muuzaji hatakuwa amekudhulumu. Lakini ukungu ni habari ya saa ile kalibu ilipokuwa mpya, na sarafu iliyoupata iliupata kwa kubahatika kuwa mbele ya foleni. Mistari ile mingine ni mchoro wa Sinnock wenyewe, aliouacha mezani akafa. Mimi ningechukua ya pili.